Je, chumvi imeua udongo wangu? Jibu kwa msomaji wa Batina

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Niko Oman, upande wa Batina, kwenye shamba la mitende la baba yangu. Kisima chetu kimegeuka chumvi. Mwaka huu kimepimwa chumvi kikatoa desisimensi 8 kwa mita. Mitende ya upande wa bahari imekufa, na pale nataka nipande mighafu, ile miti yetu ya jangwani, na mikunazi. Nimeona kwenye televisheni kwamba China wana msitu katikati ya jangwa, unamwagiliwa maji ya chumvi miaka zaidi ya 20 sasa. Kwani vijidudu wa udongo wao hawafi? Huku kuna muuzaji ananiambia udongo wangu umeshakufa, ninunue unga wake wa bakteria, kilo moja kwa hekta, ndipo nipande. Ninunue?"

Marahaba, mwanangu. Unga usiununue. Udongo wako una njaa na una kiu, na chumvi imezidisha vyote viwili, lakini haujafa. Nasema hivyo kwa uhakika, na msitu uleule uliouona kwenye televisheni ndio shahidi wangu mkubwa.

Kwanza tuuweke mahali pake, maana siku hizi habari mbili zinachanganywa. Mwishoni mwa Novemba 2024 China ilitangaza kwamba imemaliza kulizungushia jangwa la Taklamakan ukanda wa kijani wenye urefu wa kilomita 3,046. Ukanda huo uko pembezoni mwa jangwa. Ule unaoulizia wewe uko ndani kabisa, umefuatana na barabara inayolikata jangwa kutoka kaskazini hadi kusini, katika jimbo la Xinjiang. Barabara ilimalizika 1995 kwa ajili ya visima vya mafuta ya katikati ya jangwa. Ina kilomita 522, na zaidi ya 440 kati ya hizo zinapita juu ya mchanga unaohama. Mwanzoni waliikinga kwa uzio wa matete na miraba ya matete yaliyochomekwa mchangani, ila kinga ya namna hiyo huchakaa na kufukiwa. Kuanzia 2003 wakapanda miti pande zote mbili: ukanda wa kilomita 436, upana wa mita 70 na kitu. Vichaka vya aina tatu ndivyo vilivyobeba kazi: saksauli, kaligonumu na tamariski. Huu wa mwisho ni ndugu wa mti mnaouita athl huko kwenu.

Mvua ya katikati ya Taklamakan haifiki milimita 50 kwa mwaka, na jua na upepo wa pale vingeweza kukausha milimita 3,500 na zaidi. Kwa hiyo kila tone linatoka chini ya ardhi, kwenye visima zaidi ya 100 vilivyopangwa kila baada ya kilomita 4 hivi. Kwenye vituo hivyo wanakaa watu, mara nyingi mume na mke wawili tu, wakiendesha pampu na kukagua mipira ya matone kuanzia baridi inapokatika hadi inaporudi. Mwaka 2022 vituo 86 vilivyokuwa vikitumia dizeli vilihamishiwa umeme wa jua. Na maji yenyewe? Gramu kama 3 za chumvi kwa lita kwenye visima vizuri, karibu 30 kwenye vibaya. Bahari ina 35. Desisimensi 8 za kisima chako ni gramu 5 hivi kwa lita. Ungekuwa kule, jirani zako wangekuja kuchota kwako.

Sasa vijidudu. Kabla ya kupandwa miti pale palikuwa na mchanga mtupu uliosagwa na upepo, usio na jani wala mzizi. Watafiti wa Taasisi ya Ikolojia na Jiografia ya Xinjiang, iliyo chini ya Chuo cha Sayansi cha China, wamekuwa wakichimba chini ya miti ya umri tofauti na kulinganisha na mchanga wa kando usiopandwa. Picha inayojirudia ni hii: uhai wa udongo umeongezeka chini ya miti, na umezidi kadiri miti inavyozeeka. Bakteria wa kawaida ndio wengi, wanafuata aktinomaiseti, yaani bakteria wanaoota nyuzinyuzi kama kuvu, na kuvu zenyewe ni chache. Wengi wamekaa tabaka za juu, na unavyoshuka chini wanapungua. Vimeng'enya vinavyoozesha majani na kufungua naitrojeni na fosforasi navyo vimepanda. Papo hapo, penye kisima cha chumvi nyingi zaidi, vijidudu ni wachache kuliko penye kisima chepesi.

Mambo hayo mawili watu huyaona kama yanapingana, na hapo ndipo muuzaji wako anapopata mwanya. Yeye anakuonyesha la pili tu: chumvi inapunguza vijidudu. Kweli inapunguza. Lakini mchanga wa jangwani usiotiwa chumvi hata chembe una vijidudu wachache kuliko mchanga wa chini ya saksauli iliyonyweshwa chumvi miaka 15. Kilichowazuia kuwa wengi toka mwanzo kilikuwa ni kukosa chakula. Chakula chao ni kaboni, na jangwani kaboni inaletwa na mmea: majani yanayodondoka, vijizizi vinavyokufa, na ule utomvu mwembamba ambao mizizi hai huutoa usiku na mchana. Mti ukinywa maji ya chumvi ukaishi, unawalisha. Ukifa, wanarudi kwenye njaa. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza kuhusu vijidudu wako ni swali la mti: je, kuna kitu chenye mizizi hai pale? Pale mitende ilipokufa hakuna, na ndiyo sababu udongo ule unauona umenyamaza.

Nikueleze chumvi inawafanya nini, maana ukilielewa hili mengine utayatambua mwenyewe. Wazee wako watakuwa wanamkumbuka nguru wa chumvi na papa mkavu waliokuwa wakiletwa Unguja na majahazi ya msimu kutoka huko Arabuni. Samaki anakingwa asioze kwa sababu chumvi inavuta maji kutoka kwenye nyama yake, na inavuta maji kutoka kwenye bakteria waliotaka kumwozesha. Bakteria wa udongo wako wanapambana na mvuto huohuo. Ila uliza mama yeyote aliyewahi kuhifadhi nguru wa chumvi vibaya: baada ya muda samaki anaota rangi nyekundu. Wekundu ule ni vijidudu hai, wanaoishi ndani ya chumvi kali kiasi hicho na hawawezi kuishi bila hiyo. Wapo pia kwenye mashamba ya chumvi ya pwani, ndio wanaoyatia maji rangi ya waridi. Maisha yana njia zake za kukaa na chumvi.

Njia kubwa ni mbili. Wale wekundu wanajaza potasiamu ndani ya chembe zao mpaka mvuto wa ndani ulingane na wa nje, na protini zao zote zimeumbwa kufanya kazi katika hali hiyo. Bakteria wa kawaida wa udongo, pamoja na kuvu, wanafuata njia ya pili: wanatengeneza au kuokota vitu vitamuvitamu, kama betaini, trehalosi, ektoini na gliseroli, wanavijaza ndani yao ili maji yasitoroke. Njia hii inawafaa kwa kuwa kiwango kinapanda na kushuka kulingana na chumvi ya siku hiyo. Lakini ni ghali mno. Kaboni na naitrojeni ambavyo bakteria angevitumia kuzaa vinakwenda kwenye kujikinga. Ndiyo maana bakteria wa sehemu yenye chumvi anakula sana na kuongezeka kidogo. Mpe chakula cha kutosha, atamudu gharama. Majaribio ya maabara, Australia na kwingineko, yamelionyesha jambo hili tena na tena: udongo wa chumvi uliokuwa kimya ukitiwa mabua au majani, vijidudu wake wanaamka na kupumua, hata kama si kwa kasi ya udongo mtamu. Na hawajaletwa na mtu, walikuwemo.

Wapo wanaoumia zaidi ya wengine. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti ni dhaifu mbele ya chumvi kuliko wale wanaoozesha majani. Kwa hiyo ukimwaga urea nyingi kwenye mchanga wako wa moto wenye chumvi, amonia itakaa bila wa kuigeuza, na nyingi itaruka hewani. Ile harufu kali utakayoisikia puani ndiyo pesa yako inayoondoka. Kuvu nazo mara nyingi hupungua chumvi inapopanda, na kwa mti wa jangwani hiyo ni hasara, kwa sababu kuvu za mizizi ndizo zinazouongezea mzizi mkono wa kufikia fosforasi na maji. Aktinomaiseti, hao wa jangwani, ni wagumu. Ile harufu ya ardhi inayopanda mvua ya kwanza inapodondoka juu ya vumbi ni kazi yao. Mara nyingine utakapomwagilia mahali palipokauka, inama unuse. Ukiisikia, umeshapata jibu moja bila maabara.

Chumvi inayopimwa kwenye kisima si chumvi wanayokutana nayo vijidudu. Mchanga uliolowa leo asubuhi una, tuseme, sehemu 12 za maji kwa kila 100. Jua likiupiga siku kadhaa zikabaki sehemu 3, maji yameondoka lakini chumvi yote imebaki. Ile ile iliyokuwa kwenye maji mengi sasa imebanwa kwenye robo. Maji ya gramu 5 kwa lita yamekuwa ya gramu 20, bila wewe kuongeza hata tone. Kisha unafungua bomba, na ghafla yanarudi kuwa ya gramu 5. Bakteria aliyejaza ndani yake vitamuvitamu vya kumudu gramu 20 sasa anafurika maji. Asipovitema upesi anapasuka. Anavitema, jirani zake wanavila, udongo unatoa pumzi kubwa ya kaboni dayoksaidi, halafu mzunguko unaanza tena.

Pumzi hiyo ya udongo mkavu unaponyeshewa ina jina duniani kote, inaitwa athari ya Birch, na najivunia kukwambia kwamba ilifanyiwa kazi hapa kwetu: H. F. Birch alikuwa mtafiti Muguga, nje kidogo ya Nairobi, miaka ya 1950, akishughulika na udongo wa Afrika Mashariki unaokaushwa na kiangazi na kushtuliwa na mvua. Aliona kwamba kila mkauko na mlowesho huchoma sehemu ya kaboni ya udongo na kufungua naitrojeni. Kwa mkulima wa nyanda za mvua, naitrojeni ile ya mvua za kwanza ni neema. Kwa mtu wa maji ya chumvi, kila mzunguko ni kodi wanayotozwa vijidudu, na akiba ya kaboni yenyewe ni ndogo. Kwa hiyo mwagilia kidogo kidogo mara kwa mara, udongo wa kwenye mizizi usikauke kabisa. Hii itawafaa vijidudu wako kuliko pakiti yoyote ya dukani.

Hapa kuna kosa nililolifanya mwenyewe nilipokuwa kijana, na lilinichukua msimu mzima kuligundua. Tulikuwa tunapima udongo wa miti iliyomwagiliwa kwa matone, maji ya chumvi, na mimi nikawa nachota kila sampuli palepale chini ya tone, kwa kuwa ndipo palipokuwa laini kuchimba. Majibu yakatoka mazuri ajabu. Mwaka uliofuata mwenzangu akachota hatua moja pembeni, kwenye duara jeupe, na tukadhani ametuletea udongo wa shamba lingine. Maji ya matone yanasukuma chumvi mbele yake kila upande, hadi yanapoishia. Chini ya tone udongo unaoshwa. Ukingoni chumvi inajikusanya. Na juu, jua linapovuta, inaota ukoko mweupe. Kwa hiyo shamba lako halina chumvi moja. Lina visiwa vya nafuu vilivyozungukwa na kuta za chumvi, na uhai umejibana kwenye visiwa. Muuzaji akikuonyesha karatasi ya maabara, muulize alichota wapi.

Mti wenyewe nao unapanga visiwa hivyo. Chini ya kichaka cha jangwani vumbi laini linatua, majani yanadondoka, kivuli kinapunguza makali. Baada ya miaka kumi mchanga wa pale unakuwa na rangi nyingine. Tamariski lakini ina tabia yake. Majani yake yana vijitezi vinavyotema chumvi, na chumvi hiyo inadondoka pamoja na majani. Chini yake utapata chakula kingi na chumvi nyingi kwa pamoja. Ni mti wa kupanda mahali palipoharibika sana, ambapo kingine hakikubali, lakini usiuchanganye na mikunazi ukitarajia utaifaa kwa mbolea.

Bado kuna mghafu, nao kwa upande wa vijidudu una bahati ambayo saksauli ya China haina. Mghafu ni jamaa ya kunde. Mizizi yake inaweza kuwakaribisha bakteria wa vinundu, wale wanaovuta naitrojeni kutoka hewani na kumpa mwenyeji. Saksauli na kaligonumu hazina vinundu hivyo, zinategemea naitrojeni kidogo ya vumbi na ya bakteria wanaoishi huru udongoni. Pamoja na kuvu za mizizi, mghafu una washirika wawili wa kuchunga, na hao ndio pekee ninaokubali mtu ahangaike kuwapeleka shambani kwa mikono. Lakini hawapelekwi kwa kilo moja kwa hekta.

Tufanye hesabu ya pakiti hiyo pamoja. Hekta moja, tabaka la juu la sentimita 20, ina tani 3,000 za mchanga hivi. Tuseme mchanga wako ni maskini sana na una bakteria milioni moja tu kwa gramu. Udongo wa shamba zuri huwa na mamia ya mamilioni au bilioni, lakini tuseme milioni. Jumla yao ni elfu tatu za trilioni. Sasa kilo moja ya unga, hata tukiamini lebo inayosema bilioni moja kwa gramu na hata tukiamini wote wako hai, ina trilioni moja. Unamwongeza mmoja kwa kila elfu tatu waliokuwepo. Naye amelelewa kwenye mchuzi mtamu wa kiwandani, amekaa kwenye stoo ya bati ya huko kwenu mwezi wa saba, kisha anatupwa kwenye chumvi na njaa, mbele ya wenyeji waliozoea mahali kwa vizazi visivyohesabika. Sina haja ya kumsingizia muuzaji kwamba ni mwongo. Hata bidhaa yake ikiwa ya kweli, hesabu inaikataa.

Mwaka 2007 watafiti Catherine Lozupone na Rob Knight walikusanya taarifa za bakteria wa mazingira ya kila namna duniani na kuuliza ni kitu gani kinachoamua zaidi nani anaishi wapi. Wengi tungedhani ni joto, au uchachu. Jibu lilikuwa chumvi. Kwa hiyo jamii iliyopo kwenye udongo wako leo si ile iliyokuwepo baba alipopanda mitende. Wengi wa wale wa maji matamu wameondoka na wazoefu wa chumvi wamechukua nafasi. Ukileta wageni wasio wa chumvi, chumvi itawachuja kama ilivyowachuja wa mwanzo.

Mahali ambapo mbegu ya vijidudu inafanya kazi ni kwenye kitalu. Katika kifuko cha mche kuna kilo mbili za udongo, na mzizi mchanga unatafuta wenzi. Nenda kwenye mghafu mkongwe wenye afya unaoota wenyewe, ikiwezekana jirani na shamba lako na kwenye udongo wenye chumvi kidogo. Kwangua majani ya juu, chimba kiasi cha kiganja hadi upate vijizizi vyembamba, chukua ndoo moja, isikauke juani. Changanya kama sehemu moja kwa tisa na mchanga wa kitalu. Fanya vivyo hivyo kwa mkunazi chini ya mkunazi. Usichukue udongo chini ya mti unaonyauka au wenye mizizi iliyovimba ovyo, maana minyoo ya mizizi nayo inasafiri kwa ndoo hiyohiyo. Miche ikitimiza miezi miwili, anza kuizoesha maji ya kisima: robo ya kisima na robo tatu ya maji matamu, baadaye nusu kwa nusu, mwisho kisima kitupu. Mche na vijidudu wake watazoea pamoja.

Kwa upande wa bahari, palipoharibika zaidi, badala ya mkunazi tanguliza mswaki, mnaouita arak, ambao unavumilia chumvi kuliko wote uliowataja, na athl kwenye mstari wa nje. Mighafu ifuate nyuma yao, mikunazi iwe mwisho, upande wa ndani. Tafadhali usikubali kuuziwa miche ya ghaf bahri kwa jina la mghafu. Huo ni ndugu yake wa Amerika, hapa Kenya tunauita mathenge, na watu wa Baringo wanaweza kukusimulia ulivyowafungia malisho.

Halafu lisha udongo. Makuti ya mitende yako iliyobaki yakate vipande, yatandaze unene wa kiganja kuzunguka kila shimo, bila kuligusa shina. Tandazo hili linazuia jua lisivute maji juu, na maji yasipovutwa juu chumvi haipandi, kwa hiyo unakinga ukoko na unaweka chakula kwa mkono mmoja. Utaona mchwa. Waache kwenye makuti makavu, ila miche michanga iangalie. Samadi ya mbuzi ni nzuri ikiwa imeoza, lakini kwanza ikoroge kwenye maji matamu, uchuje, uyapime hayo maji kwa kipimo kilekile cha kisima. Samadi ya zizi lisiloona mvua huwa na chumvi ya kutisha, na nimeona watu wakiua miche kwa huruma.

Maji nayo yana hesabu yake. Mtende unaanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo ikipita desisimensi 4, na karibu na 18 mavuno yanakuwa nusu. Mitende yako ya upande wa bahari ilivuka hata hapo. Ukitaka udongo wa mizizini ubaki karibu na desisimensi 10 kwa maji ya 8, basi katika kila ndoo tano unazomwagilia, moja iachwe ipite chini ya mizizi ibebe chumvi. Kwenye mchanga wa Taklamakan hilo linawezekana kwa kuwa mchanga haushiki. Kama shamba lako lina tabaka la udongo wa mfinyanzi chini, maji yatasimama na sodiamu iliyo ndani ya chumvi itaufunga udongo, na hapo mambo yanabadilika; chimba shimo la mita moja na nusu uangalie kabla ya kununua mpira hata mmoja.

Na hili lazima niliseme, hata kama hukuuliza. Ndoo ile ya tano haipotei. Inarudi chini, kwenye maji yaleyale unayoyavuta, ikiwa na chumvi iliyokolea. Kule China msitu uko mbali na bahari na unakinga barabara. Huko kwenu kisima kimeharibika kwa sababu Batina nzima imevuta maji kuliko yanayorudi, bahari ikaingia. Msitu wa kumwagiliwa milele pale ni mzigo juu ya mzigo. Misitu ya Abu Dhabi iliyopandwa tangu enzi za Sheikh Zayed imefundisha jambo hilohilo: visima vilizidi chumvi miti ikiendelea kunyweshwa. Ndiyo maana napenda wazo lako la mghafu. Mizizi yake inashuka kina kirefu sana. Inyweshe miaka ya mwanzo, halafu punguza polepole, uone mingapi itasimama kwa miguu yake. Panda michache, kwa nafasi kubwa. Saksauli za barabarani hazina uhuru huo. Pampu zikizimwa zitakufa, na vijidudu walioongezeka kwa miaka 20 watafuata.

Kama bado una shaka kuhusu uhai wa udongo, usimwamini muuzaji wala mimi, jipimie. Chukua shuka kuukuu ya pamba tupu, nyeupe, ukate vipande vinne vinavyolingana, upana wa kiganja. Mwezi wa kumi joto likipungua, fukia kimoja chini ya tone la mtende ulio hai, cha pili kwenye duara jeupe la chumvi, cha tatu pale mitende ilipokufa, na cha nne hapohapo jirani yake, lakini kwenye shimo ulilotia makuti yaliyokatwa na samadi uliyoipima, na unalolilowesha kwa maji ya kisima kila baada ya siku mbili. Vyote viwe kina cha sentimita 15, uweke alama. Vichimbue baada ya wiki nane, uvioshe taratibu, uvianike kwenye kamba pamoja. Pamba haitobolewi na chumvi. Inatobolewa na vijidudu wanaoila. Kile cha nne niandikie kimefikia wapi, na mpelekee baba akione kabla hujakitupa.